Kelele na Wanaoitika

Jumapili, 18 Septemba 2022. Temeke

Tangu habari za uvamizi wa Kawe zienee, banda letu la mazoezi limefurika. Panya road, magenge ya vijana wenye mapanga, wamerudi midomoni mwa watu kama ilivyokuwa Januari 2015. Kila mzazi mwenye binti anayesoma tuisheni jioni, kila kijana anayefunga duka usiku, anatafuta mtu wa kumfundisha kupigana. Leo wageni wengine nimewapanga nje, chini ya mwarobaini.

Baba mmoja wa Tandika kaja na mabinti wawili wa sekondari. Kaniuliza mbele yao: "Mwalimu, baada ya miezi mingapi wataweza kujilinda?" Nikamjibu kuwa ukakamavu wa mwili unataka miaka, ila yapo mambo wataondoka nayo leoleo. Hakuridhika. Alitaka nimpe tarehe. Namwelewa, maana anayelala na hofu hataki kuambiwa habari za miaka.

Anayefundisha karate ya mashindano hupimwa hadharani. Mwanafunzi akipanda ulingoni, kila mtu anaona alichofundishwa. Anayefundisha kujilinda ni kama mshona maboya, kwa sababu mteja hulijua boya akiwa tayari majini. Naweza kufundisha uongo miaka na miaka, nikalipwa, nikasifiwa, na asitokee hata mmoja wa kunidai. Atakayeponzwa na uongo wangu atajilaumu mwenyewe, atasema hakufanya mazoezi ya kutosha. Kwa hiyo naliona deni langu kwa hawa mabinti kuwa zito kuliko la mwalimu wa hesabu. Mwanafunzi wa hesabu ana mtihani wa kumwonyesha kama amedanganywa.

Jumatano, 21 Septemba

Jioni Mwenyekiti wa mtaa kapita bandani. Nimemwamkia, kaitikia, tumekaa kwenye benchi. Vijana wa ulinzi shirikishi, anasema, wanazunguka na marungu na filimbi lakini hata kumshika mtu hawajui. "Wapigishe tizi, mwalimu. Mtaa utachangia."

Nikamuuliza wakimkamata mtu sasa hivi wanamfanya nini. Akakaa kimya kidogo. "Inategemea nani kafika kwanza," akasema.

Nimeomba muda wa kufikiri. Kinachonisumbua ni kabali. Vijana wa Dar wanaijua kabali kabla hawajanijua mimi, maana ndiyo roba ya wakabaji wa vichochoroni: mkono unapita shingoni kwa nyuma, mwingine anachomoa simu mfukoni. Na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika judo tangu Jigoro Kano alipoianzisha Kodokan mwaka 1882. Kano aliziacha kando mbinu ambazo watu wasingeweza kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zote bila kuumizana, lakini kabali aliibakiza, kwa kuwa dojo ina makubaliano: aliyekabwa akigonga mkeka, anaachiwa papo hapo. Huko gizani hakuna mkeka wala makubaliano. Mishipa ya shingo ikibanwa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde kama kumi. Akizidi kubanwa anaweza kufa, na anayembana huku yeye mwenyewe ana hofu hawezi kujua kama mwenzake amezimia au anajifanya.

Siwezi kumfundisha binti kujinasua kwenye kabali bila kumfundisha mwenzake kuipiga. Kila somo la kujilinda lina somo la kushambulia ndani yake, na walimu wengi tunalipita hilo kimyakimya. Hivyo jozi nazipanga mwenyewe. Mgeni hapigi kabali mpaka nimemjua. Anayechelewa kuachia mwenzake anapogonga, hata kwa utani, anakaa benchi. Wananiona mkali. Sawa, na waone hivyo.

Jumapili, 25 Septemba

Msaidizi wangu, kijana mwenye mkanda mweusi na wepesi ambao miguu yangu imeshausahau, kaleta mbinu ya kumpokonya mtu kisu. Kaiona kwenye video. Mshambuliaji ananyoosha mkono, mkono unabaki hewani, yeye anaudaka, anaupinda, kisu kinaanguka chini. Kuitazama inapendeza.

Nikasema tuipime. Nimempa kalamu ya wino mwekundu dada mmoja muuza samaki wa Feri, asiyejua karate hata chembe, nikamwambia: mchome huyu, ukikosa chomoa uchome tena. Msaidizi alivaa fulana nyeupe. Dakika haikwisha, fulana ikawa na mistari tumboni, kwapani, na mmoja ukapanda hadi shingoni.

"Sensei, dada kafanya fujo tu."

"Ndiyo. Na kibaka naye atafanya fujo."

Hakununa, na nashukuru kwa hilo. Tumekaa baada ya darasa nikamweleza ninavyoiona historia yetu. Karate ilipoingizwa katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, Anko Itosu aliipanga iwe mazoezi ya viungo na tabia njema kwa watoto. Kata za Pinan, ile mifuatano ya mapigo tunayofundisha hapa bandani, zimetoka kwake. Ni urithi mzuri, unaunyoosha mwili na kuituliza akili, na nimeupa maisha yangu. Ubaya unaanza pale ninapomwambia kijana kwamba Pinan zitamkinga na panga.

Basi kuhusu kisu nafundisha hivi: simu itolewe. Mkoba utolewe. Vitu virushwe upande mmoja, wewe ukimbilie upande wa pili, penye mwanga na watu. Tunalifanyia mazoezi kwa dhati, kurusha na kukimbia, kurusha na kukimbia, kwa sababu kidole kilichozoea kuing'ang'ania simu hakifunguki chenyewe. Kupambana na kisu ni pale tu anapotaka kukutoa roho au kukuburuta mahali pengine. Hapo nawafundisha kuushika mkono wenye kisu kwa mikono yote miwili na kutouachia, na nawaambia waziwazi kwamba huenda wakakatwa. Wavulana wawili hawapendi. Mmoja kaniuliza kama kweli amelipa ada aje kufundishwa kutoa simu. Nikamwambia ndiyo, na kwamba hilo ndilo somo nitakaloweza kumtazama mama yake machoni nikiwa nimelifundisha.

Jumapili, 2 Oktoba

Somo la sauti leo. Limenichosha kuliko ngumi zote za mwezi uliopita.

Kila anayefundisha kujilinda anasema piga kelele. Wengi wa walioandika vitabu hivyo wanaishi katika miji ambako kelele huleta polisi. Kwetu kelele huleta watu, na watu huja na mawe.

Nikawauliza wasichana: ukishikwa kichochoroni usiku, Mbagala au hapa Temeke, utapiga kelele gani? Karibu wote kwa mkupuo: "Mwizi!" Mmoja kaeleza, na kaeleza vizuri kuliko kitabu. Ukisema "nabakwa", watu watasogea dirishani wasikilize. Ukisema "niache", watasema ni ugomvi wa wapenzi, watapita. Ukisema "mwizi", mtaa mzima unatoka.

Hajakosea. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Lance Shotland na Margret Straw, waliigiza mbele ya watu mwanamume anayemshambulia mwanamke. Mwanamke alipopaza sauti kwamba hamjui mtu huyo, asilimia 65 ya mashuhuda waliingilia. Alipopaza sauti kwamba hajui kwa nini aliolewa naye, waliingilia asilimia 19 tu. Watu wanaogopa kuingia ndani ya nyumba ya mtu hata kama nyumba yenyewe iko barabarani. Binti wa Temeke amelijua hilo bila utafiti.

Lakini mimi ninajua pia "mwizi" inafanya nini. Kuna asubuhi nilipita njia panda ya juu nikaona lami imeungua duara la tairi, na watoto wa shule wakilizunguka wasilikanyage. Kila mwaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinaandika katika ripoti yake watu waliouawa na makundi yenye hasira. Mlevi anamshika binti mkono, binti anapiga kelele ya mwizi, anapona, na mlevi anauawa kabla hajajua kosa lake. Au aliyemshika anakimbia, na kundi linamdaka kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita na helmeti mkononi. Waliorusha mawe wameua, hilo halina mjadala. Nami je, niliyekaa hapa bandani nikamzoesha binti neno la kulitamka?

Tena siwezi kumwambia msichana anayeburutwa achague maneno kwa ajili ya usalama wa anayemburuta. Nimelizungusha kichwani jioni nzima na sitabadilika hapo. Ikifika roho mkononi, aite lolote linaloleta watu, na asiwe na hatia yoyote mbele yangu wala mbele ya Mungu.

Ninachoweza ni kuupa mdomo wake maneno mengine mapema, ayarudie mpaka yatoke yenyewe. Tumechagua: "Simjui huyu! Nisaidieni!" Na kumtaja mtu mmoja kwa alivyo: "Mama wa genge, nisaidie! Kaka mwenye kofia, njoo!" Mtu aliyetajwa peke yake ni vigumu kujifanya hakusikia. Tumepiga kelele mpaka majirani wakatoka kuuliza kulikoni.

Kisha yule msichana aliyeeleza vizuri akauliza: wakishakuja na kuanza kumpiga, nifanye nini? Nikamwambia kazi yake ni kuondoka hapo na kukaa na mwanamke anayemwamini. Hatakiwi kumwokoa. Lazima wawepo watu wengine wa kulibeba hilo, na hao watu ninawafahamu kwa majina. Ndio waliokuwa wanasubiri jibu langu tangu Jumatano ile.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimempigia Mwenyekiti. Nitawafundisha vijana wake, kwa masharti yangu.

Usiku huu naandika lingine ambalo panya road wametusahaulisha. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu katika kila kumi wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mvulana mmoja katika kila saba. Mara nyingi mtendaji alikuwa mtu wanayemjua. Nikifundisha kana kwamba adui yuko kichochoroni tu, amevaa kofia, hana jina, nimewafundisha wasichana kuchungulia dirishani wakati hatari imekaa sebuleni inakunywa chai.

Hapo ngumi haina kazi kubwa. Msichana wa kwetu amelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo, kupokea mzigo wake, kukaa anapoambiwa akae. Ni malezi mazuri, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini mkono wa mjomba au wa jirani au wa mwalimu wa tuisheni unapopotoka, binti anatafuta maneno ya kumkatalia mtu ambaye asubuhi alimwamkia, asiyapate. Nimewaona wasichana wanaovunja ubao kwa teke wakishindwa kumwambia mzee, hata kwa kuigiza, "Toa mkono wako."

Basi tunaigiza. Mimi ndiye mzee. Nawaita mwanangu, nawasifia, nasogea. Wao wanatakiwa wasimame wima, wataje jina na waseme jambo: "Baba Fulani, toa mkono wako. Namwita mama." Kwa sauti kamili, wasiombe radhi, wasicheke. Kicheko ndicho kigumu kuliko vyote kukiondoa. Kwa mtu anayejulikana, jina lake likisemwa kwa sauti mbele ya nyumba lina nguvu kuliko kiwiko.

Wenzetu wa Nairobi walishaliona hili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda, waliofundishwa saa 12, mbili kila wiki, sauti na maneno kwanza, mwili baadaye. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walisema walishambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Miezi kumi baadaye ilikuwa 9.2. Wenzao waliopata somo la saa moja la stadi za maisha hawakubadilika sana. Na Kanada, mwaka 2015, Charlene Senn na wenzake walichapisha majaribio ya vyuo vikuu vitatu, nayo pia ya saa 12: waliofundishwa waliobakwa ndani ya mwaka walikuwa asilimia 5.2, wasiofundishwa 9.8. Huko walifundishwa kumtambua mapema mtu wanayemjua anayewabana, na kuishinda aibu ya kumkatalia. Saa 12, na mimi mkanda mweusi nauvalisha baada ya miaka mingi. Kata zinabaki. Lakini mgeni wa hapa bandani hataonyeshwa ngumi kabla hajajua kusema hapana kwa sauti.

Mama mmoja kaja kunilalamikia. "Mwalimu, unamfundisha mwanangu kiburi. Jana kamwambia shemeji yangu asimshike bega." Nikamuuliza, bila kumshambulia, kama anajua kwa nini. Alikuja na hasira, akaondoka na mawazo. Sikumsukuma zaidi. Nimempa namba 116 ya huduma kwa mtoto, nikamwambia kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba nikiombwa niwasindikize nitakwenda. Mwalimu anayemfungua mtoto mdomo halafu asiwe na mahali pa kumpeleka baada ya kusema amemtupa njiani.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mtu mzima, heshima zake, kaomba masomo ya faragha, analipa vizuri. Katikati ya mazungumzo ikatoka kwamba kuna mdaiwa wake asiyetaka kumlipa, na anataka kujua jinsi ya kumvunja mtu kifundo cha mkono. Nimemrudishia fedha yake. Hilo halikuwa gumu.

Gumu ni sheria, kwa sababu wanafunzi wanadhani haiwahusu. Leo nimeleta Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tukasoma vifungu vya 18 hadi 18C taratibu. Mtu ana haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Atakayezidisha atawajibika, na akiua kwa kuzidisha, ni kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi: aliyeamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba roho yake iko hatarini, au kwamba yuko karibu kubakwa, kutekwa au kuibiwa kwa nguvu, analindwa hata kama utetezi wake umesababisha kifo. Wasichana walinyamaza kusikia kubakwa kumetajwa humo. Wengi walidhani sheria inawataka wavumilie kwanza, waeleze baadaye.

Msaidizi kauliza kuhusu mwalimu wa karate Gichin Funakoshi, aliyesisitiza kwamba karate haianzi kwa shambulio, kauli iliyochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu yake katika hekalu la Engaku-ji, Kamakura. Je, binti asubiri apigwe? Nasema hapana. Aliyefungiwa mlango ameshashambuliwa, hata kama hajaguswa. Funakoshi anaukataza moyo unaotafuta ugomvi, na moyo huo nauona zaidi kwa wanaume wanaokuja kuomba faragha kuliko kwa wasichana hawa.

Na jambo hili nimelisema mbele ya wote, nitalisema kila mwezi: wapo ambao siku ikifika miili yao itaganda. Watasikia kila kitu, wasiweze kuinua mkono. Hutokea kwa wanajeshi, hutokea kwa mabondia. Aliyeganda hajafeli somo langu wala hakukubali alichofanyiwa, na yeyote humu bandani atakayemuuliza mwenzake "kwa nini hukupigana" atatoka na mkanda wake ataniachia. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliinamisha kichwa nilipokuwa nasema. Sikumwita. Anajua ninakokaa.

Jumamosi, 29 Oktoba

Vijana wa ulinzi shirikishi wamekuja, marungu wameyaacha mlangoni kama tulivyokubaliana. Hilo lilikuwa sharti la kwanza. La pili, kabali haifundishwi kwao. La tatu, Mwenyekiti mwenyewe ahudhurie, naye leo alikaa kwenye mkeka na suruali yake ya kitambaa.

Tumefanya jambo moja kwa saa mbili. Watu wawili, kila mmoja mkono wake, wanamkalisha mtu chini, wanamgeuza ubavu ili apumue, wanabaki naye. Wa tatu hamgusi mtuhumiwa kabisa: anawapa mgongo hao wawili, anaukabili umati, mikono wazi kifuani, anasema: "Tumeshamshika, polisi wanakuja." Wa nne anapiga simu. Nafasi ya tatu niliyoiona rahisi kwenye karatasi ndiyo iliyowatoa jasho. Niliwapa kundi la wanafunzi wangu kumi waliopiga kelele na kusukuma, na kijana mwenye mabega ya mbebaji wa bandarini akarudi nyuma hatua baada ya hatua mpaka akawakanyaga wenzake.

"Mwalimu, mimi kupiga naweza," akasema. "Kusimama tu hivi bila kupiga, hapana, siwezi."

Nikamwambia ndiyo maana yupo hapa. Tumerudia. Mara nyingine alisimama, akasema maneno, sauti ikakatika, akayasema tena.

Mmoja kauliza ikiwa mtu ana panga. Kama ana panga, msimshike: filimbi, umbali, polisi, na mitaa ya jirani iarifiwe. Hakuna mbinu nitakayowapa ya panga, na nimewaambia atakayewauzia hiyo mbinu mahali pengine wamuombe aionyeshe kwa kalamu ya wino.

Mwenyekiti ameomba niwape vyeti. Nimekataa. Cheti kingewafanya wajione wamemaliza, na mtu mwingine angekionyesha kwa raia kama kibali cha kumkamata. Badala yake nataka Jumatano mbili mbele wachanganyike na wasichana. Wasichana watakuwa gizani nyuma ya banda, wataita kwa maneno yao wenyewe, na vijana watakuja mbio. Lazima nipange kwanza na wazazi, hasa yule mama aliyelalamikia habari za shemeji, ambaye wiki hii kamleta binti yake mwenyewe na akabaki kutazama hadi mwisho. Nimwombe awe yule mwanamke wa kukaa na anayeita, wengine wakishughulika na aliyeshikwa.